Neno "Genius" na Kipaji cha Mshairi: Historia ya Neno na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Fasihi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ya fasihi ambayo aya yake ya kwanza inatangaza kwamba mwandishi "ana kipaji kikubwa", na aya ya mwisho inarudia kauli iyo hiyo, huku kati ya aya hizo mbili hakuna hata mfano mmoja unaoonyesha kipaji hicho kimekaa wapi katika kazi inayohakikiwa. Darasani nako wanafunzi wetu wana neno lao. Wakivutiwa na shairi la Muyaka au na hadithi fupi iliyowakosesha usingizi, husema mtunzi ni genius, na mjadala huishia hapo. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kunieleza, tena kwa uhakika wote, kwamba neno hilo limetokana na jini, kwa sababu "mtu hawezi kutunga hivyo bila kusaidiwa". Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Nilipoenda kulichunguza neno lenyewe, niliona kwamba kijana yule alikuwa amekosea asili yake lakini amekaribia mno historia yake.

Makala haya yananuia kuifuatilia historia hiyo tangu Roma ya kale hadi darasa letu la fasihi. Hoja yetu kuu ni kwamba neno genius lilianza likitaja kitu ambacho kila mtu alizaliwa nacho, likaja kutaja watu wachache walioteuliwa, na hatimaye likatumiwa kama mizani ya kuamua ni jamii zipi zinazoweza kuzaa watu wa aina hiyo. Mhakiki anayeliazima bila kuijua safari hii hujitwika mzigo asioujua uzito wake. Aidha, tutaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wake wa kuzungumzia jambo hili, na kwamba msamiati huo unamfaa mwalimu wa fasihi zaidi ya neno la kuazima.

Genius wa Warumi: mwenzi wa kila aliyezaliwa

Neno genius ni la Kilatini, na wataalamu wa lugha hiyo hulihusisha na kitenzi gignere, yaani kuzaa. Kwa Warumi, genius alikuwa mlinzi wa kiroho aliyezaliwa pamoja na mtu, akaandamana naye maishani. Kila mwanamume alikuwa na genius wake. Mwanamke alikuwa na mlinzi aliyeitwa juno. Kitanda cha ndoa kiliitwa kitanda cha genius, maana nguvu ya kuendeleza ukoo ilikuwa chini ya ulinzi wake. Siku ya kuzaliwa ilikuwa siku yake pia: mwenye nyumba alimtolea mvinyo, ubani na maandazi. Censorinus, aliyeandika kitabu kuhusu siku ya kuzaliwa mwaka 238 B.K., anaeleza kwamba haikuwa desturi kumwaga damu siku hiyo, kwa kuwa haikufaa kuutoa uhai wa kiumbe kingine siku ambayo mtu mwenyewe alipewa wake.

Mshairi Horace alimtaja genius kuwa ndiye mwenzi anayeitawala nyota ya kuzaliwa kwa mtu. Hapa msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa. Sisi pia husema fulani "ana nyota", au nyota yake imefifia, na methali yetu inatukumbusha kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Si kwamba Waswahili walichukua wazo hili kutoka Roma. Ila katika jamii nyingi watu wamejaribu kueleza kwa nini wana wawili wa nyumba moja, waliokula chungu kimoja, hawafanani katika mambo wanayoyaweza.

Tuzingatie jambo moja ambalo ni la msingi. Genius wa Kirumi hakuwa sifa ya wateule. Baba mwenye nyumba alikuwa naye, mchuuzi wa sokoni alikuwa naye. Hata mji, kikosi cha jeshi au chemchemi ilikuwa na genius wake. Vilevile, mtu hakuwa genius; alikuwa na genius. Tofauti hii kati ya kuwa na kuwa na, ambayo mwalimu wa sarufi ataielewa mara moja, ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata.

Siasa nayo iliingia mapema. Mwaka 7 K.K. Kaisari Augusto aliipanga upya mitaa ya Roma, na katika vibanda vya ibada vya njia panda genius wake akaanza kuheshimiwa pamoja na miungu walinzi wa mitaa. Kuapa kwa genius wa Kaisari kukawa dalili ya utiifu. Hapa Afrika ina sehemu yake katika historia ya neno hili. Mwezi Julai mwaka 180 B.K., huko Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, Wakristo kumi na wawili kutoka Scillium walifikishwa mbele ya liwali Saturninus wakatakiwa waape kwa genius wa mfalme. Walikataa, wakauawa. Waafrika wengine wawili waliliandikia neno hili kwa kina: Apuleius wa Madauros na Augustino wa Thagaste, miji ambayo magofu yake yako nchini Algeria. Apuleius ndiye aliyelinganisha genius na sauti ya ndani ambayo Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, alidai kwamba humzuia kila anapotaka kutenda jambo lisilofaa.

Jini, pepo na mshairi

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Jini ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufichika; jini ni kiumbe asiyeonekana kwa macho. Kwa hiyo jini na genius ni maneno ya koo mbili tofauti kabisa. Yalikutanishwa na mfasiri. Mfaransa Antoine Galland alipoutafsiri mkusanyiko wa hadithi za Alfu Lela Ulela, uliochapishwa Ufaransa kati ya 1704 na 1717, alihitaji neno la kumtaja jini. Akachagua génie, neno la Kifaransa lililotokana na genius, kwa kuwa lilikaribiana na lile la Kiarabu kwa sauti na kwa maana. Kutoka hapo Waingereza wakapata jina la jini wao wa kwenye taa. Mwanafunzi wangu, bila kujua, alikuwa amerudia alichokifanya Galland miaka mia tatu iliyopita.

Hata hivyo, imani kwamba mshairi husaidiwa na nguvu isiyoonekana haikutokana na kosa la tafsiri. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba mshairi ana jini wake anayemtilia maneno kinywani. Neno la Kiarabu la leo lenye maana ya mtu mwenye akili ya ajabu, abqari, linahusishwa na Abqar, bonde lililosimuliwa kuwa makao ya majini. Katika Kurani, Sura ya 55 aya ya 76, neno hilo limetumiwa kusifia mazulia ya peponi. Kwa Wagiriki, Plato katika mazungumzo yake yaitwayo Ion anamwonyesha Socrates akidai kwamba mshairi hatungi kwa ujuzi bali kwa kupagawa: mungu humvuta mshairi, mshairi akamvuta mghani, mghani akavuta hadhira, kama sumaku inavyovuta pete za chuma zikashikana moja baada ya nyingine.

Mwalimu wa fasihi atatambua hapa ule mtazamo ambao vitabu vyetu vya nadharia huuita wa kidhanifu, unaodai kwamba chanzo cha sanaa ni Mungu au miungu, nao hulinganishwa na mtazamo wa kiyakinifu unaoiona sanaa kuwa zao la kazi na maisha ya jamii. Mara nyingi tunaufundisha mtazamo wa kidhanifu kwa haraka, tukaupinga, tukaendelea na somo. Lakini mtazamo huu una unyenyekevu fulani ambao ulipotea baadaye: kwa anayeamini hivyo, sifa ya utungo mzuri haimwendei mtunzi peke yake.

Kutoka ingenium hadi injini

Kilatini kilikuwa na neno jingine la ukoo ule ule: ingenium. Hili lilitaja kile ambacho mtu amezaliwa nacho ndani yake, yaani tabia, wepesi wa akili na uwezo wa kubuni. Walimu wa ufasaha wa Kirumi walilitumia sana walipojadili kama msemaji bora huzaliwa au hufunzwa. Neno hili lilipoingia katika Kifaransa cha kale likawa engin, likimaanisha werevu, kisha kifaa kilichobuniwa kwa werevu. Waingereza wakalipokea, na kutoka kwao sisi tukapata injini na injinia. Jenereta na jeni ni wa mzizi huo huo wa kuzaa. Ukiwa ndani ya matatu na kondakta analalamika kwamba injini imechoka, jua kwamba yu karibu sana na somo la chimbuko la sanaa.

Katika karne za 16 na 17 maana za genius na ingenium zilianza kuingiliana. Yule mlinzi wa nje na ule uwezo wa ndani wakawa kitu kimoja. Watu walianza kuzungumzia genius wa mtu wakimaanisha mwelekeo wake wa asili, au genius wa lugha wakimaanisha tabia yake ya pekee. Bado, lakini, mtu alikuwa na genius. Hakuwa amegeuka kuwa genius.

Karne ya 18: mtu anapokuwa genius

Mageuzi makubwa yalitokea Uingereza na Ujerumani katika karne ya 18. Mnamo Septemba 1711 Joseph Addison alichapisha katika gazeti la The Spectator makala aliyowagawa humo watunzi wakuu katika makundi mawili: wale waliotunga kwa nguvu ya maumbile pasi na kusaidiwa na elimu, akiwataja Homer na Shakespeare, na wale waliojifunda kwa kufuata kanuni, akiwataja Virgil na Milton. Addison alitahadharisha kwamba kundi la pili halikuwa duni kuliko la kwanza. Tahadhari hiyo haikudumu. Mwaka 1759 Edward Young alitoa risala juu ya utunzi asilia, akadai kwamba kazi asilia huota kama mmea kutoka katika mzizi wa genius, ilhali uigaji ni kazi ya kiwandani inayoundwa kwa malighafi ya wengine. Kati ya waandishi hao wawili, Samuel Johnson alitoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755. Maana ya kwanza ya genius humo bado ni nguvu inayolinda watu na mahali. Ile ya mtu mwenye vipawa vipitavyo kiasi inafuata. Maana zote mbili zimelala katika ukurasa mmoja, ya zamani ikielekea kutoka na mpya ikiingia.

Mwaka 1790 Immanuel Kant aliipa maana mpya msingi wa kifalsafa. Kwake, genius ni kipaji cha kuzaliwa nacho ambacho kwacho maumbile huipa sanaa kanuni. Mwenye kipaji hicho hawezi kueleza jinsi anavyotunga wala kumfundisha mwingine. Ni kweli kwamba Kant aliongeza kuwa kipaji hutoa malighafi tu, na kwamba kuifinyanga malighafi hiyo kunahitaji mafunzo. Lakini waliomsoma walikumbuka zaidi nusu ya kwanza ya maelezo yake. Kutoka hapo ndipo ulimbwende ulipopata taswira ya msanii aliye peke yake, asiyetawaliwa na kanuni, anayeangaziwa kutoka ndani. Unapowafundisha wanafunzi tofauti kati ya urasimi na ulimbwende, waambie kwamba ugomvi wa nadharia hizo mbili ulikuwa pia ugomvi juu ya neno hili moja.

Kwa nini mageuzi hayo yalitokea wakati huo? Mojawapo ya sababu ni ya kiuchumi. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1710, ilimtambua mwandishi kuwa mwenye haki juu ya kitabu chake. Waandishi wakaanza kutegemea soko la vitabu badala ya fadhila za matajiri. Aliyetaka kudai kwamba kazi ni mali yake alihitaji hoja ya kuonyesha kwamba imetoka kwake yeye, si kwa miungu wala kwa mapokeo. Dhana ya genius iliwapa hoja hiyo.

Neno linapogeuzwa mizani

Mara genius alipokuwa cheo, swali lililofuata lilikuwa: ni nani anayestahili cheo hicho? Tazama yaliyompata Phillis Wheatley. Alitekwa Afrika Magharibi, akauzwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Mwaka 1773 diwani yake ya mashairi ilichapishwa London. Mwanzoni mwa kitabu iliwekwa hati iliyotiwa saini na wanaume kumi na wanane wa Boston, akiwemo gavana Thomas Hutchinson, wakithibitisha kwamba mashairi hayo yametungwa naye kweli. Hakuna mshairi wa Kizungu wa wakati huo aliyetakiwa kuleta mashahidi wa aina hiyo. Na hata mashahidi hawakutosha: Thomas Jefferson, katika kitabu chake kuhusu Virginia kilichotoka katika miaka ya 1780, alikataa kumhesabu miongoni mwa washairi. Wakati huo, msomaji, Mwengo bin Athumani alikuwa amekwisha kuandika Utenzi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, na fasihi andishi ya Kiswahili ilikuwa ikisomwa katika nyumba za Lamu na Pate kwa hati za Kiarabu.

Karne iliyofuata ilileta takwimu. Mwaka 1869 Francis Galton alichapisha kitabu alichodai humo kwamba genius hurithiwa kwa damu. Ushahidi wake ulikuwa orodha za koo za majaji, wanasiasa, majemadari na washairi wa Ulaya. Hakuuliza kwa uzito unaostahili ni kwa kiasi gani mtoto wa jaji husaidiwa na mali, shule na jina la babake. Sura moja ya kitabu hicho ililinganisha jamii za wanadamu, ikawaweka Waafrika madaraja mawili chini ya Waingereza. Mwaka 1892 Galton mwenyewe alijuta kulitumia neno genius katika anwani, akisema angetumia neno la kawaida la uwezo; madaraja yake aliyaacha palepale.

Huko California, Lewis Terman alitoa mwaka 1916 jaribio la akili ambalo alama zake za zaidi ya 140 ziliitwa za genius au za anayemkaribia genius. Mwaka 1921 alianza kufuatilia maisha ya watoto wapatao 1,500 wenye alama za juu. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto, wasifikie kiwango cha kuteuliwa. Baadaye wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine 1968. Miongoni mwa wale walioteuliwa hakuna aliyeipata.

Hapa kwetu mizani hiyo haikuwa jambo la kusoma vitabuni tu. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari na mwanapatholojia F. W. Vint walidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya haukuwa umekua kama wa Mzungu. Vint alichapisha makala yake mwaka 1934. Madai haya yaliingizwa katika mjadala wa iwapo elimu ya Kizungu ilimfaa Mwafrika. Basi mwalimu anapomwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba fasihi si ya kila mtu, na kwamba kuna waliozaliwa nayo na wasiozaliwa nayo, na akumbuke kwamba kauli hiyo ilikwisha kutolewa kuhusu darasa lake zima, yeye mwenyewe akiwemo.

Msamiati wetu wenyewe

Sasa tuliulize swali ambalo wafasiri hulikwepa: genius kwa Kiswahili ni nini? Kamusi hutupa maneno kadhaa, na kila moja lina namna yake ya kuliona jambo.

Kundi la kwanza ni la utoaji. Kipawa na kipaji yametokana na kitenzi -pa. Kipawa ni kile ambacho mtu amepawa. Karama ni heshima au neema anayotunukiwa mtu. Kujaliwa ni kitenzi cha kutendwa, na mtendaji wake anafahamika hata asipotajwa: Mpaji ni Mungu. Katika kundi hili mtu ana kipaji, hawi kipaji. Kiswahili kimeihifadhi sarufi ile ile ya Warumi ambayo Ulaya iliiacha katika karne ya 18.

Kundi la pili ni la kazi na mafunzo. Mahiri, hodari, fundi na stadi ni maneno yanayomtaja mtu kwa kile anachokiweza, na uwezo huo huonekana katika kazi ya mikono au ya kinywa chake. Neno stadi lina funzo zuri zaidi, kwa kuwa ni la asili moja na ustadhi, yaani mwalimu, asili hiyo ikiwa ya Kiajemi. Lugha yenyewe imemweka mjuzi na aliyemfunza katika nyumba moja.

Kundi la tatu ni la utambuzi wa jamii. Malenga, manju, bingwa na gwiji si majina ambayo mtu hujipachika. Mtu huitwa malenga na watu waliomsikia, wakamlinganisha na wengine, wakakubali. Chanda chema huvikwa pete, nacho hakijivishi.

Ukiyaweka makundi matatu pamoja unapata nadharia kamili ya utunzi: mtu hupewa, hufunzwa, hutambuliwa. Neno genius katika maana yake ya sasa limeshika hatua ya kwanza na ya tatu, likaikata ya kati. Hiyo ya kati ndiyo kazi yetu sisi walimu.

Mfano wa Muyaka

Tuithibitishe nadharia hiyo kwa mfano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, anasifiwa kwa haki kuwa miongoni mwa washairi wakuu wa Kiswahili. Lakini ukimwita genius ukanyamaza, umeficha mengi. Mashairi yake mengi ni sehemu ya majibizano. Alikuwa akiwajibu malenga wa Lamu kuhusu vita na siasa za wakati wa Wamazrui, mwanzoni mwa karne ya 19. Ondoa waliomchokoza, na baadhi ya tungo zake hazina sababu ya kuwepo.

Pili, Muyaka hakutuachia diwani. Tungo zake zilibaki katika vinywa vya watu wa Mvita kwa miaka mingi baada ya kifo chake. Aliyezikusanya na kuziandika ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. William Hichens alizichapisha Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mkubwa mwaka 1979. Zingatia, mwalimu mwenzangu, kwamba kiungo muhimu zaidi katika mnyororo huu ni mwalimu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nao ulitufikia kwa kuwa binti aliyetungiwa, Mwana Hashima, aliuhifadhi. Pete za Plato zilishikana kutoka kwa mungu hadi kwa hadhira. Zetu zilishikana kutoka kwa hadhira hadi kwetu.

Huenda mtu akauliza: je, hakuna koo zenye ushairi wa damu? Mathalani Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyeitunga Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, ni ndugu. Galton angewaingiza katika orodha zake. Lakini damu peke yake haifundishi mizani wala vina. Walikulia Mombasa, katika mji ambao ushairi ulikuwa ukisikika barazani na arusini, na mtoto aliyekosea aliweza kusahihishwa na mkubwa aliyejua.

Hitimisho: tufanyeje darasani?

Hatupendekezi kwamba neno kipaji lifutwe katika insha za wanafunzi. Tunapendekeza kwamba lisikubaliwe kama jibu. Mwanafunzi akiandika kwamba mshairi ana kipaji, mwulize: kinaonekana katika mshororo upi? Ni kwa uteuzi gani wa neno? Kwa nini inkisari hapa na mazida pale? Uhuru wa mshairi katika Kiswahili una majina: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Hata pale mshairi wetu anapoivunja kanuni, huivunja kwa njia ambayo jamii ya watunzi imeitambua na kuipa jina. Mlimbwende wa Ulaya aliivunja akidai kwamba hana wa kumwuliza.

Vilevile, mnapojadili mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ambapo upande mmoja ulishikilia kanuni zilizokusanywa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 na upande wa pili ukatetea mashairi huru kama yale ya Kichomi cha Kezilahabi cha mwaka 1974, waoneshe wanafunzi kwamba swali la Addison na Young limo humo: je, utunzi bora ni wa kuota au wa kujengwa? Halafu waulize ni mshairi gani kati ya hao ambaye hakusoma wengine kabla ya kuandika. Hawatampata.

Mwisho, wape zoezi la kutunga ubeti mmoja, kisha uwarudishie wausahihishe, kisha uwarudishie tena. Mwanafunzi wangu aliyeamini kwamba mtu hawezi kutunga vizuri bila kusaidiwa alitunga ubeti wake wa kwanza ukiwa na mizani pungufu katika mishororo mitatu. Aliporudi mara ya tatu mizani ilikuwa imetimia na kina cha kati kimekaa mahali pake. Alikuwa amesaidiwa: na mimi, na jirani yake wa dawati, na watunzi wa kale ambao kanuni zao alikuwa akizihesabu kwa vidole. Kwa hiyo juu ya msaada alisema kweli. Alikosea tu kuwahesabu waliomsaidia.